Fundi Gonga na Nyumba Aliyoipenda

Saa mbili asubuhi, Fundi Gonga amepiga magoti kwenye bafu la watu, anagonga vigae kwa sarafu. Kigae kimoja kinalia kama debe tupu.

"Hapa chini hakuna saruji, kuna maneno tu," anasema.

Kazi yake ni kukagua nyumba zinazouzwa. Wanunuzi wanaomwita huweka kipengele kwenye mkataba: fundi akikuta kasoro kubwa na muuzaji asitengeneze, mnunuzi anaruhusiwa kujitoa na kurudishiwa malipo yake ya awali. Madalali wanasema ana mkosi.

"Mimi sileti nyufa," anajitetea. "Nazikuta."

Miaka kumi na saba amekagua nyumba za wenzake, mwenyewe akiishi kwenye ya kupanga. Mwezi uliopita yeye na mkewe, ambaye ni mshonaji, walipata ya kununua: vyumba viwili, na dirisha pana la kuweka cherehani. Kipengele kikawekwa. Fundi akaikagua mwenyewe, akatoka anacheka. Nyumba ni nzima, haina kasoro!

Mkewe hakucheka. "Baba watoto, umegonga wapi? Nimekuona unapima pa kuweka kabati."

Fundi alikasirika, tena sana. Lakini mganga hajigangi. Akameza kiburi, akamwita hasimu wake wa siku nyingi, fundi mwenzake anayeitwa Mzee Darubini.

Mzee huyo alisogeza friji ya muuzaji tu, basi. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa kufikia usawa wa kiuno. Bomba lilikuwa likivuja ndani kwa ndani. Muuzaji akagoma kutengeneza. Wakajitoa kabla muda wa ukaguzi haujaisha, na fedha zao zikarudi zote.

"Zilirudi, lakini niliumia," anasema Fundi Gonga. "Ile friji niliiona. Niliipita kwa sababu nilishaipenda nyumba."

Mkewe alililia lile dirisha jioni nzima. Kesho yake akaendelea kushona.

Sasa wamesikia kuna nyumba nyingine, mtaa wa pili, na wiki ijayo wataenda kuiona. Kipengele kitakuwa kile kile, ila mkewe ameongeza sharti lake, la mdomo: mkaguzi ni Mzee Darubini.

Na Fundi Gonga atakuwa wapi?

"Nje ya geti," anajibu, akifuta sarafu yake kwenye suruali. "Nikiingia tu, nitaanza kupanga viti."