Laptop ya Yaya imetoka Goma, ikawaka na mbwa wa mzungu

Heshima kwenu wakuu. Niko Lubumbashi, nauza laptop za mtumba kutoka Ulaya. Haya yamenitokea wiki hii, sijaongeza chumvi, labda kidogo tu kwenye unene wa mbwa.

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, amekimbia vita Goma na binti yake Furaha. Wiki mbili barabarani mpaka kwangu Ruashi. Waliokoa nguo na laptop, basi.

Ndani yake kuna bulletin za Furaha, ripoti zake za shule, alizo-scan mwenyewe. Makaratasi yenyewe yamebaki Goma. Bila hizo haandikishwi mtihani wa taifa, na shule ya hapa ilimpa mpaka Ijumaa.

Alhamisi tukawasha. Kwenye skrini akatokea mbwa mnene kwenye theluji, na maandishi ya Kiholanzi. Faili hakuna hata moja.

"Iyi haiko machine yangu," Yaya akasema. "Banabadirisha mu njia." Alidhani wamembadilishia safarini.

Furaha akakaa chini.

Mimi jasho. Mbwa yule namjua, maana laptop hiyo nilimpa mimi. Sisi wauzaji wa hapa hatufuti Windows iliyokuja nayo; mteja akisikia "original ya Ulaya" roho yake inatulia. Tunagawa disk, tunaweka Windows nyingine pembeni.

Sasa kibetri cha ndani, kile kinachotunza mipangilio ya kuwasha, kilikufa njiani, mashine ikasahau ianzie partition ipi, ikaangukia ile ya zamani.

Nikabadilisha kibetri, nika-boot kwa USB, command prompt, diskpart, list volume. Windows ya Yaya ilikuwa D. Nikaandika bcdboot D:\Windows, yaani mashine ianzie humo, nikabonyeza Enter macho nimefumba.

Nika-restart. Jina la Yaya hilo hapo. Wakuu, nilicheza rumba na stuli.

Tukafungua bulletin. Yaya akavaa miwani, akasoma, akageuka taratibu.

"Furaha. Math trente-huit pour cent? Si uliniambiaka soixante-deux?" Yaani hisabati ni 38, na mama aliambiwa 62.

Tangu wafike, Yaya alikuwa anaongea kama mtu anayeomba ruhusa. Sasa alifoka dakika ishirini, majirani wakachungulia, na mimi nacheka huku machozi yananitoka. Huyo ndiye Yaya ninayemjua, nilidhani amebaki Goma.

Funzo: futeni Windows ya zamani hata kama ni ya Ulaya, na faili za maana ziwekeni sehemu mbili. Kama kuna njia fupi kuliko bcdboot, nifundisheni hapa chini.

Furaha aliandikishwa Ijumaa asubuhi. Mwalimu wa hisabati aliyeko Lubumbashi ajitokeze, Yaya anamsubiri mlangoni.