Mtaro Mbele ya Nyumba Yetu

Mama alivunjika nyonga Jumapili asubuhi akienda kanisani. Kanisa liko ng'ambo tu ya barabara kuu, unaliona ukiwa mlangoni kwetu. Lakini walipopanua barabara ile inayopita katikati ya Karatu, walichimba mtaro mrefu mbele ya nyumba zetu, wakaujengea mawe, wakaondoka bila kuacha pa kupita. Tukaweka ubao. Siku hiyo ubao uliteleza kwa mvua, mama akaenda nao chini.

Nilimkuta amekaa kwenye maji machafu, ameshikilia kitenge chake kisipande, kwa aibu. Juu yetu magari ya watalii yalipita kasi kuelekea Ngorongoro. Hakuna hata moja lililopunguza mwendo. Madereva hao hao, wakifika geti la hifadhi, husimama kuwapisha nyani!

Wiki chache baadaye mhandisi wa barabara alikuja kwenye mkutano wa mtaa. Nikamwuliza sisi tunavukia wapi.

"Dada, hii ni barabara ya utalii," akasema. "Tukijaza matuta hapa, wageni watachelewa."

"Na mama yangu aliyelala kitandani, yeye anawahi wapi?"

Watu wakaguna. Mhandisi akacheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko jibu lenyewe.

Kesho yake nilibeba benchi letu, nikaliweka katikati ya lami, nikakaa. Jirani yetu mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye wateja wake wengi wanakaa ng'ambo, akaja na kiti chake. "Sogea, binti yangu," akasema. Akina mama wa sokoni nao wakaja. Foleni ya magari ikaenda hadi nje ya mji. Polisi wakatufokea, hatukuinuka. Mchana akaja bosi wa mhandisi, akaahidi mbele ya watu wote kwamba mchoro wa barabara utabadilishwa.

Wakajenga kweli. Sasa kuna daraja la zege juu ya mtaro, matuta, alama za kuvukia na taa. Kazi yenyewe haikuwachukua hata mwezi.

Mama alipovuka mara ya kwanza kwa mkongojo, mhandisi alikuwepo. Mama akamshika mkono, akamwombea baraka, kisha akanigeukia. "Msalimie mwenzio."

Mhandisi akaninyooshea mkono. Nilimtazama mama anavyoegemea upande mmoja, na ataegemea hivyo maisha yake yote. Sikuupokea. Nilimshika mama kiwiko, tukaingia kanisani.