Samaki wa Kwaresima Uwanjani

Delphine Rautio alikuwa na miaka hamsini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya dirisha la tiketi la uwanja wa barafu wa chuo chetu, hapa Port Hanka, kaskazini mwa Michigan, Marekani. Mumewe alifariki mapema. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukifika dirishani alikutajia namba ya kiti chako kabla hujafungua mdomo, akakupa tiketi, akamtazama aliye nyuma yako.

Msimu wa kawaida hoki yetu hujaza uwanja. Taabu ni mechi za mchujo. Hizo huangukia Machi, wiki ileile ambayo wanafunzi huenda likizo, na bendi yao huondoka nao. Mwenye tiketi ya msimu naye ilimbidi anunue upya, kwa kuwa haikuhusu mechi hizo. Isitoshe, Ijumaa za Kwaresima, ambapo Wakatoliki hawali nyama, nusu ya mji huwa kwenye ukumbi wa kanisa ikila samaki wa kukaanga. Basi uwanja wa watu elfu tatu na mia tano ulipata watu mia saba, wametawanyika kama punje chache kwenye sinia kubwa.

Mwaka mmoja tulitolewa hivyo, nyumbani kwetu, na timu ya Minnesota iliyokuja na mabasi mawili ya mashabiki. Jumatatu yake golikipa wetu, Mathieu Gervais, kijana wa Kanada, alipita dirishani kuchukua bahasha aliyoachiwa na mama yake. Delphine akampa pole.

"Unajua nilisikia nini dakika ya mwisho, mama?" kijana akamuuliza.

"Nini?"

"Mzee mmoja anafungua peremende. Ile karatasi yake, kwaru kwaru. Na upande wa pili wale wageni wanaimba jina langu kwa kejeli."

Alicheka, akaenda zake. Delphine hakucheka. Alituambia baadaye kwamba aliona aibu, kama mtu aliyealika wageni asipike.

Februari iliyofuata, ilipokuwa wazi kwamba mchujo utachezwa tena kwetu, alipanda ofisini kwa mkurugenzi wa michezo, Todd Wenger, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga hata siku moja. Mkurugenzi alikuwa na mpango wake tayari: taa za rangi na spika mpya.

"Vijana wanataka taa na muziki, Bi Delphine."

"Vijana watakuwa Florida, bwana mkubwa. Hizo taa utamwashia nani?"

Wenger akakuna kidevu. Delphine akamweleza: hawa mia saba wakusanywe pamoja, chini, nyuma ya goli na karibu na benchi letu, majukwaa ya juu yafungwe mpaka ya chini yajae. Tiketi ya msimu imwingize mwenye nayo bila kununua tena. Mengine aachiwe yeye.

"Mengine yapi?"

"Samaki," akasema Delphine.

Kisha Delphine alimkuta Padri Dombeck jikoni kanisani, anaosha masufuria.

"Padri, Ijumaa ya mchujo samaki wako wakaangwe uwanjani."

"Nimwage mafuta juu ya barafu?"

"Kwenye ukumbi wa kuingilia. Watu wapate kula, wapande, wakae."

"Na wasiopenda hoki?"

"Watakula waende. Lakini nani hapa asiyependa? Wewe mwenyewe mwaka jana misa ya jioni uliisoma mbio mbio kama unafukuzwa na nyuki."

Padri alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Akakubali.

Bendi ilikuwa kazi zaidi. Aliziomba bendi za sekondari mbili, yetu na ya mji wa jirani, ambazo tangu zamani hazipikiki chungu kimoja. Walipokutana kufanya mazoezi iligundulika kwamba wimbo wanaoujua wote ni mmoja tu, polka ya harusini. Basi ikawa hiyohiyo.

Halafu akaanza kuwapigia simu wenye viti vya msimu, jioni tisa mfululizo, kuwaomba wahamie chini. Wote walikubali isipokuwa Arvo Kemppainen, mchimba madini mstaafu, ambaye kiti chake kilikuwa juu kabisa. Delphine akamfuata nyumbani. Mzee akamwekea kahawa na mkate wa iliki.

"Pale nimekaa na marehemu mke wangu Helmi miaka thelathini," Arvo akasema. "Sasa unanihamishia wapi, binti?"

"Wangu alikuwa analala upande wa kushoto, mzee. Alipokufa niliuacha upande wake miaka kumi. Nikawa nalala pembeni kama mgeni kwangu mwenyewe. Siku moja nikalala katikati."

"Ukajisikiaje?"

"Baridi. Halafu usingizi ukanichukua."

Mzee akazungusha kikombe. "Siahidi kitu."

"Sikuja kuomba ahadi. Nimekuletea tiketi." Akaiacha chini ya kisahani cha kikombe, akaaga.

Ijumaa ile foleni ya samaki ilitoka mlangoni hadi kwenye theluji. Watu elfu mbili na mia nne waliingia, na kwa kuwa walikaa bega kwa bega, walionekana na kusikika zaidi ya hapo. Arvo alifika amechelewa, akasimama ngazini, kisha akakaa katikati ya wasichana wa tarumbeta, kofia magotini. Kila goli letu polka ilipigwa. Tulishinda manne kwa mawili.

Jumamosi tukafungwa. Ikabaki mechi ya Jumapili ya kukata shauri. Siku hiyo hapakuwa na samaki, na watu walikuja wengi zaidi. Majukwaa ya juu yakafunguliwa.

Kipindi cha tatu kilipoanza, Wenger alishuka dirishani.

"Funga hapo uingie, Bi Delphine."

"Kuna watakaochelewa."

"Nitakaa mimi. Nenda."

Miaka yote alikuwa amesikiliza mechi kupitia ukutani, akijua kwa sauti tu nani kafunga. Aliingia, hakupata kiti, akasimama kando ya nguzo. Mechi ikaenda muda wa nyongeza. Gervais aliokoa mara sita, mara ya saba kile kisahani cha mpira mgumu kinachochezewa kikagonga kiatu cha mwenzake mwenyewe, kikaingia.

Muda huo goli moja humaliza mechi; tukawa tumetolewa tena. Kisha mtu akaanza kupiga ubao wa ukingoni kwa viganja, wakafuata wote, wakapiga wamesimama mpaka kijana wa mwisho alipotoka barafuni. Gervais alitoka wa mwisho, analia, hakujificha. Delphine alisema wachezaji walikuwa wadogo kuliko alivyowadhania kwa sauti zao.

Gazeti liliandika kwamba chuo kimebuni mpango mpya wa mashabiki. Jina lake halikuwemo. Sisi tulikasirika, yeye aliikata habari ile akaitunza kwa sababu ya picha ya Padri amevaa aproni. Mpango umebaki hadi leo, na wanafunzi kadhaa sasa huchelewesha likizo.

Alistaafu miaka mitatu baadaye. Mwanawe anayeishi Arizona akamtaka ahamie kwake. Alikwenda wiki sita, akaona kila siku ni jua lilelile, akakata tiketi ya kurudi mwishoni mwa Februari, kabla ya mechi za mchujo.