Sauti Nilizompelekea Nekesa

Nikisikia harufu ya majani ya mkaratusi yakichemka, hata kama ni jikoni kwa jirani hapa Kitale, mimi hurudi Sirisia bila kupenda. Ninarudi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya udongo, chenye dirisha dogo la ubao, ambako dada yangu Nekesa alilala msimu mzima wa mvua akiugua kifua. Mama yetu, Mayi Nasimiyu, alikuwa akichemsha majani hayo kwenye sufuria, kisha anamfunika Nekesa blanketi ili avute mvuke, na nyumba nzima ikawa inanuka hivyo, hata ugali, hata nguo zetu za kanisani. Nekesa ndiye aliyekuwa mkubwa. Mimi Nafula nilimfuata, na shule ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza. Sikufika mbali na masomo, lakini watu wa wakati ule ninawakumbuka wote kwa majina.

Kabla ya kuugua, Nekesa alipenda soko kuliko kitu chochote. Siku ya soko ya kwanza aliyobaki kitandani, aligeukia ukuta akakataa hata uji. Niliporudi na chumvi niliyotumwa, aliniuliza bila kugeuka watu wamesema nini huko. Nikaanza kumweleza, akanikatiza. "Usinielezee," akasema. "Niletee wenyewe." Basi nikasimama mlangoni, nikashika kiuno kama Mama Akinyi, yule mwanamke wa kutoka ziwani aliyeuza samaki na kuwasifu ngege wake utadhani ni wakwe zake. Nekesa akageuka. Jioni ile alikunywa uji wote, na Mayi akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Toka hapo hiyo ikawa kazi yangu. Nilikwenda sokoni, kanisani, na kwenye baraza la liguru wetu, mzee Makokha aliyesimamia kijiji, nikiwasikiliza watu kama anayebeba maji kichwani na hataki yamwagike. Nikajua kwamba Makokha hukohoa kabla ya kusema jambo lisilopendeza. Nikajua kwamba Rasoa, muuza nyungu, akitaka watu wasogee hapazi sauti, anaishusha. Lakini niliyempata sawasawa ni katekista Yohana. Yeye alifunga macho, akainua kidole, na ile l yetu iliyogeuka r, ambayo kwetu ilitoka tu yenyewe, kwake ilitoka na uzito kama ya mtu aliyeichagua: "Wapendwa, reo tusirare." Nekesa alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Mayi akaita kutoka jikoni, "Wewe Nafula, utaniulia mtoto." Lakini hakunikataza. Nekesa naye hakuwa msikilizaji wa bure. Akishafuta machozi alinirudisha mlangoni. "Umekimbia. Yohana hungoja kwanza watu wanyamaze. Ngoja." Nami nikarudi, nikangoja, nikasema tena. Hata shuleni, mimi niliyekuwa nikiongea na kola ya gauni langu, mwalimu Barasa alianza kunisimamisha mbele nisomee wenzangu, akashangaa maneno yananitoka wapi.

Dada yangu aliitwa Nekesa kwa sababu alizaliwa wakati wa kuvuna. Alituacha mahindi yakiwa bado mabichi shambani.

Siku ya mazishi, Yohana aliomba, kisha akauliza kama kuna mtu wa mji huu mwenye neno. Baba yetu, Papa Wanyonyi, alisimama, mdomo ukamkatalia, akaketi. Nikaona haiwezekani Nekesa aende hivyo, bila mtu wa kwao kumsemea. Nikasimama mimi. Nilitaka kusema kwamba dada yangu alipenda soko, basi, hilo tu. Lakini mwili wangu ulijua namna moja tu ya kusimama mbele ya waombolezaji. Macho yakajifunga, kidole kikainuka, na kilichotoka kilikuwa, "Wapendwa, reo tusirare."

Kicheko kikapita upande wa akina mama, kikafa palepale. Yohana mwenyewe alikuwa hatua chache kutoka kwangu, kofia mkononi. Papa akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninaifanyia mzaha maiti ya dada yangu. Ndipo Mayi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, akainua kichwa. "Mwache. Hiyo ndiyo Nekesa alikuwa anacheka. Mwache amalize." Na Yohana akaniinamia, bila hasira yoyote, akasema, "Mariza, mwanangu."

Sikumaliza. Walishusha jeneza nikiwa nimesimama vilevile, kidole hakijui kiende wapi.

Siku hizi mjukuu wangu Naliaka, anayeniita kukhu, yaani bibi, anasoma sekondari hapa Kitale, na yuko kwenye timu ya mdahalo. Ananasa watangazaji na wahubiri kwenye kaseti, anawarudisha nyuma, anawaiga mbele ya kioo mpaka ninashindwa kujua ni redio au ni yeye. L yake imenyooka kama uzi, na yangu anaisahihisha: "Si reo, kukhu, ni leo, bana." Mimi ninacheka, ninakaa kitandani ninamsikiliza, ninamwambia amekimbia, angoje. Sisi tulikuwa na midomo tu. Sauti ya mtu ilikaa kwa mwingine au ilipotea. Hawa wanabonyeza kitu, mtu anasema tena.

Juzi aliniuliza nani alinifundisha kungoja, maana hata akina mama wa kanisa letu kule Kiminini huniita niseme kwenye misiba kwa sababu hiyo. Nikamwambia ni dada yangu. "Alikuwa anaongea aje, kukhu? Nifanyie yeye."

Nikasimama mlangoni. Mama Akinyi alikuja, na ngege wake. Makokha alikuja akikohoa. Yohana alikuja na kidole chake. Wote wako, miaka yote hii, wazima kabisa. Nekesa peke yake hakuja. Nilimpelekea sauti ya kila mtu wa Sirisia, na yake sikuichukua, kwa sababu ilikuwa hapo kitandani kila jioni.

Nikafunga macho, nikangoja. Naliaka naye akangoja, akidhani ninataka kwanza watu wanyamaze.