Picha ya Zaina Ndani ya Kanzu

Siku ile studioni Busia tulikuwa watu watatu, mwanangu, na nawataja wote. Mimi, Mwajuma. Zaina binti Swalehe, mtoto wa mama yangu mdogo. Na mpiga picha, Okumu, Msamia wa Buhehe, Mkristo mpole.

Nakuandikia kwa kuwa umeniambia unawapiga picha vijana wetu wa Kiislamu, wake kwa waume, kila mmoja avae anavyojiona. Sikukatazi. Ila nisikilize kwanza.

Zaina alikuja na kanzu ya kaka yake kikapuni, kaifunika kwa majani ya sukuma wiki. Akavua buibui, akavaa kanzu na kofia, akasimama wima.

“Wewe bwana harusi, posa umeleta?” nikamtania.

“Nyamaza, mke wangu, usinichekeshe,” akasema. Kisha akajitazama kiooni, akawa hacheki tena. “Leo ndiyo nimejiona.”

Picha zilipokuwa tayari nilikwenda kuzichukua peke yangu. Okumu akaniuliza, “Dada, hii imetoka safi sana. Naweka moja kwa dirisha la mbele, watu waone?”

Nami kwa kujivuna tu nikajibu, “Weka.”

Siku ya soko wajomba zake wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, wakapita pale, wakaiona, wakampelekea baba yake habari. Kabla ya adhuhuri baba yake alikwisha kuichana mbele ya watu, na ile nyingine niliyompelekea Zaina akaichoma jikoni kwao. Zaina akaniuliza, “Nani alimruhusu Okumu?” Nikainama, nikanyamaza. Akadhani Okumu kajiamulia, asimsalimie tena mpaka mwisho.

Mwezi haukuisha, wakamwoza Tororo. Hakukubali kupigwa picha tena, hata ya harusi yake. Mwaka jana tulimzika. Wanawe wakanijia: “Mama mkubwa, huna hata picha moja ya mama?” Sikuwa nayo. Na sababu sikuwaambia.

Mwanangu, mtu akikubali umpige picha, hajakubali bado uionyeshe. Hilo ni swali jingine, tena umuulize mwenyewe, si dada yake wala rafiki yake. Akikataa, usimbembeleze. Na ukikosea, kiri siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja mpaka nikakosa wa kumwomba radhi.

Mwenyezi Mungu akupe mkono uliotulia na ulimi usioogopa kukiri. Kama kuna jina au jambo nimelikosea, anayekumbuka anirekebishe. Tuliobaki wa kuulizana ni wachache.