Vidonge vya Eufrasia

Ukitaka kumuudhi Eufrasia, mrudishie kitu alichokupa. Ni fundi cherehani sokoni Mwanga, na hapa mtaani kwetu Kasingirima hajawahi kumwambia mtu "sina". Chumvi, mkaa, mwiko wa ugali, vyote vya wote. Dawa pia. Huku kwetu mtu akibakiza vidonge vya malaria havitupi. Vinazunguka nyumba kwa nyumba mpaka viishe. Ndivyo tulivyolelewa.

Miaka mitano iliyopita aliwekewa valvu ya bandia kwenye moyo, kule Dar es Salaam. Akarudi, akashona, akanenepa. Mwaka juzi homa ikamshika isimwachie. Tukasema malaria, akameza dawa mara tatu, zake na zetu. Mwishowe maabara wakaiotesha damu yake kuona ina vijidudu gani, wakakuta fangasi, nao wameota kwenye ile valvu. Ni ugonjwa wa nadra. Akalazwa miezi miwili, na siku ya kutoka daktari akamweleza wazi: kupasuliwa tena hatahimili, kwa hiyo atameza kidonge kila siku maisha yake yote. Akiacha, fangasi watarudi na kumuua.

Sasa niambie, nani kwetu anaogopa fangasi? Mimi naanika dagaa Kibirizi, miguu haikauki, vidole vimeliwa tangu usichana wangu. Fangasi ni wa kukuna na kucheka. Niliposikia Eufrasia ana kopo zima la vidonge vya fangasi, nilikwenda siku hiyo hiyo kumwomba viwili. Akanipa vinne. Nikawasimulia wenzangu, maana mdomo wangu hauna kufuli. Basi mmoja akaenda na vidole vyake, mwingine na mapunye ya mwanawe. Hakumrudisha mtu. Nadhani hata yeye hakuamini kwamba kitu kinachotuwasha miguuni kinaweza kumzika mtu.

Machi homa ikarudi. Wodini daktari akamuuliza imekuwaje vidonge viishe wiki tatu kabla ya tarehe ya kuchukua vingine. Eufrasia akajibu alivisahau kwenye basi la Kasulu. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda na bakuli la uji, aibu imenijaa.

"Si kweli, daktari," nikasema. "Tumevimeza sisi majirani. Mimi ndiye niliyeanza."

Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alisema wataanza dawa ya kupitisha kwenye mshipa, ila safari hii hawezi kuahidi kitu. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Eufrasia akainua kichwa kwa shida, akaitazama miguu yangu kwenye ndala, akaikagua vizuri.

"Mama Bariki, vidole vimepona?"

"Vimepona," nikajibu huku nalia.

"Basi afadhali," akasema, na alimaanisha.