Midi Mbili

Tulikwenda Brussels kwa basi la bei nafuu kutoka Cologne, ninakoishi. Ilikuwa safari ya siku mbili tu. Mama yangu alikuwa amebakiza wiki moja kabla ya kurudi Tanga, na jua lilikuwa limetoka. Jumamosi tulifaidi. Tulikaa bustanini bila kulipa, tukala chipsi za kwenye karatasi, mama akavua viatu na kusema kumbe hata Ulaya nguo zinaweza kukauka.

Basi la kurudi lilikuwa Jumapili, saa nane mchana, kwenye stesheni ya kusini, Gare du Midi, ambayo wenyeji huiita Midi. Asubuhi tukaenda kwenye soko la hapo hapo stesheni. Nilimbebea mama mkoba wake kwa kuhofia vibaka. Ndani mlikuwa na pasipoti, simu na vidonge vyake vya presha.

Kwenye meza ya kisamvu, ambacho muuzaji, Mrundi mmoja wa makamo, alikiita sombe, mama alisikia Kiswahili. Mteja wake alikuwa mwanamke wa Kikongo aliyevaa kitenge cha kanisani. Baada ya dakika tano wawili hao walikuwa wameshikana mikono. Yule maman, kama Wakongo wanavyomwita mama, alikuwa anaelekea Evere, upande wa pili wa jiji, kwenye misa ya Kiswahili. Mama hakuwa amesali kwa lugha yake tangu atue Ulaya.

"Maman nitaenda naye," yule Mkongo aliniambia. "Wewe tembeya, upige mapicha."

"Nimfuate wapi, na saa ngapi?"

"Midi."

Niliandika kwenye daftari: Mama, Midi, kabla ya saa nane. Sikuomba namba ya simu.

Nilirudi stesheni saa saba kasoro robo. Mama hakuwepo. Nilizunguka milango yote ya stesheni, nikaanza tena upya. Wauzaji walikuwa wanakunja maturubai na wafagiaji wameanza kazi. Kila kilemba nilichokiona kwa mbali nilikikimbilia, na kila mara chini yake palikuwa na uso mwingine. Mama hajui Kifaransa, wala Kiingereza cha kuombea maji. Mkoba wake ulikuwa begani kwangu.

Saa saba na dakika kumi nilimkuta yule muuzaji akipakia makreti kwenye gari. Nikamweleza.

"Alikwambia midi?" aliuliza. "Midi gani?"

"Hii hapa."

Aliweka kreti chini. "Ndugu yangu, midi ni saa sita. Ni Kifaransa. Donc anakungojea kule kule kwenye misa, tangu saa sita."

Nilikuwa nimemuuliza yule maman maswali mawili, yeye akajibu moja, na mimi nikalichukua jibu hilo kuwa la swali lingine.

"Mimi wa msikitini, kanisa lao sijaingia," alisema, akiniandikia jina la kituo kwenye kipande cha boksi. "Lakini yule ni mteja wangu wa kila Jumapili. Hawezi kumuacha mama ya muntu barabarani." Akafikiri kidogo. "Ila misa iliisha zamani."

Nilipanda tramu, kisha basi. Saa nane ilinikuta bado njiani, na basi letu la Cologne likaondoka bila sisi. Sikulifikiria. Nilikuwa nahesabu vituo.

Niliwaona kabla sijashuka. Mlango wa ukumbi wa misa ulikuwa umefungwa kwa kufuli, nao wamekaa kwenye ngazi, juani. Maman alikuwa amemtandikia mama kitenge na kumfunika kichwa kwa gazeti.

"Bon," alisema bila kusimama. "Midi ya Tanzania inafikaka saa ngapi? Tuambie, tuweke na sisi saa zetu."

Niliomba radhi. Nikaeleza habari ya stesheni.

"Stesheni," alisema. "Mutoto, maman yako analalaka stesheni?"

Mama hakucheka. Alichukua mkoba wake, akaufungua, akagusa pasipoti, akaufunga. Kisha akamwomba maman maji ya kumezea kidonge.

"Nilikuwa nakariri namba yako ya simu," aliniambia, "ili polisi wakija niwatajie. Nikafika tarakimu ya tatu. Kila nikianza, naishia hapo hapo."

Nilikaa karibu yake kwenye ngazi, nikaanza kumtajia namba, moja moja, naye akawa anairudia.